Usingizi Haukamatwi

"Umelalaje, mwanangu?"

Mama mkwe aliuliza huku kijiko cha chai kikiwa bado hewani. Mume wa Mkasi naye aliacha kufunga kamba za viatu. Wote wawili walimtazama Mkasi usoni, wakisubiri jibu.

Mkasi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake katika kiwanda cha kushona nguo, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na haukosei. Siku hizi akiitwa hivyo aliona kama anasutwa.

"Nimelala," alijibu.

"Umelala, au umejinyoosha tu?" mumewe aliuliza. Alikuwa fundi rangi, na hata asubuhi hiyo alikuwa na doa jeupe sikioni. "Mimi nimekusikia ukijigeuza kama unatafuta kitu kilichoanguka."

"Kama umenisikia, mbona unaniuliza?"

Mumewe akarudia kamba za viatu vyake. Mama mkwe akaweka kijiko chini taratibu, kisigonge sahani. Kila kitu kiliwekwa taratibu ndani ya nyumba ile. Milango ilifungwa kwa vidole viwili. Redio ilikuwa imehamishiwa jikoni, na hata huko ilinong'ona. Jua likizama tu, Mkasi alipewa chai nzito ya kumtuliza, kisha akasindikizwa chumbani kama mtoto mchanga.

"Nenda ukautafute usingizi mapema," mama mkwe alimwambia kila siku.

Naye alikwenda. Aliutafuta upande wa kulia wa kitanda, akautafuta upande wa kushoto. Hakupata hata lepe.

Mambo yalianza alipopewa cheo. Kiwanda kilipata kazi kubwa ya kushona mashati ya wauguzi, na msimamizi akamweka Mkasi kuwa mkuu wa meza ya kukatia. Pale mezani kitambaa hutandazwa juu ya kitambaa, tabaka kwa tabaka, hadi unene wa godoro. Kisha kisu cha umeme hupita mara moja na kukata matabaka yote kwa pamoja. Ukipatia, umepatia mashati mengi. Ukikosea, umeharibu mengi vilevile.

Basi Mkasi akawa hapati usingizi. Mwili ulikuwa kitandani, kichwa kilikuwa kiwandani kinakata.

Halafu siku moja, macho yakiwa mazito kwa uchovu, alichora umbo la mkono wa shati juu ya kitambaa mara mbili bila kuigeuza upande wa pili karatasi ya kuchorea. Kisu kikapita. Washonaji walipoanza kuunganisha, wakagundua kwamba mikono yote ilikuwa ya kushoto.

Kiwanda kizima kilicheka. "Wauguzi hawa watapiga sindano kwa mkono mmoja!" mtu alipiga kelele. Msimamizi peke yake hakucheka. Alimvuta Mkasi pembeni.

"Kazi yako naipenda," alisema. "Lakini kosa jingine la namna hii, nakuondoa mezani. Na si kwa hasira. Kisu hiki hakijui tofauti ya kitambaa na kidole."

Tangu siku hiyo hofu ikawa mbili. Alikuwa akiogopa kazi, sasa akaogopa na kitanda. Nisipolala leo, alijiambia, kesho nitakosea. Nikikosea, meza imekwenda. Kadiri alivyojiambia hivyo, ndivyo macho yalivyozidi kukodoka.

Mwenzake wa kushona vifungo akamwonea huruma. Alimtilia vidonge mfukoni.

"Ni vya dada yangu," alisema. "Ukimeza kimoja, hata nyumba ikiungua utaendelea kukoroma."

"Nyumba ikiungua nataka niamke!"

"Basi meza nusu."

Mkasi alimeza nusu. Alipoona usingizi hauji, akameza na nusu iliyobaki. Kulipokaribia kucha ndipo akalala, akaamshwa kwa kutikiswa, kichwa kikiwa kama kimejazwa pamba.

Alifika kazini. Aliwasha mashine. Mkono wa kulia ulisukuma kisu, wa kushoto ukakandamiza kitambaa mbele yake. Kisu kilinguruma. Mstari wa chaki ukawa miwili, ukawa mmoja tena. Alifumba macho kidogo tu, kuyapumzisha. Glavu ya chuma ya kukinga vidole ilikuwa pale pale mezani. Alikuwa ameisahau.

"Mkasi! Mkono!"

Ngurumo ikakatika. Alipofumbua macho, msimamizi alikuwa ameushika waya wa umeme aliouchomoa ukutani. Kisu kilikuwa kimesimama upana wa uzi kutoka kwenye kidole cha shahada cha Mkasi.

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Nenda nyumbani," msimamizi alisema. "Ukirudi utatandaza vitambaa tu. Kisu usikiguse mpaka nikuambie."

"Unanifukuza, bosi?"

"Leo nakuokoa. Nani atakaa mezani, tutaamua kazi hii ikiisha."

Mkasi alitembea hadi nyumbani bila kuona njia. Kwenye ngazi za jengo lao alikutana na jirani wa ghorofa ya juu, muuguzi, akitoka zamu huku amevua viatu na kuvishika mkononi. Muuguzi alimtazama mara moja tu.

"Dada, kuna nini?"

Mkasi alitaka kusema hakuna kitu. Akaketi kwenye ngazi na kulia kwa sauti.

Muda mfupi baadaye wote walikuwa mezani: Mkasi, mumewe aliyekimbia kutoka kazini na brashi mfukoni, mama mkwe na muuguzi. Mkasi alieleza yote. Aliposimulia habari ya kidole, mumewe aliushika ule mkono wake wa kushoto na hakuuachia.

"Tuanze na vidonge," muuguzi alisema. "Mrudishie mwenyewe. Dawa ya mtu mwingine si yako, hata kama maradhi yanafanana. Nyingine hubaki mwilini hadi mchana. Ndiyo hiyo pamba uliyoisikia kichwani. Kama utahitaji dawa, daktari akupime kwanza. Sasa niambie, unapanda kitandani saa ngapi?"

"Jua likizama tu," mama mkwe alijibu kwa fahari. "Nasimamia mwenyewe."

"Akiwa anasinzia?"

"Angekuwa anasinzia tungehangaika? Anakwenda kuutafuta."

Muuguzi alitabasamu. "Mama, mtu akilala kwenye kiti bila kujua, akiamka husemaje?"

"Husema amepitiwa na usingizi."

"Umewahi kumsikia mtu akisema ameukamata usingizi?"

Mama mkwe alifikiri. "Hapana, sijawahi."

"Basi ndivyo ulivyo. Usingizi ndio humpitia mtu. Ukiukimbiza, mwili unadhani kuna hatari. Moyo unakwenda mbio, macho yanafunguka. Dada anakaa saa nyingi kitandani akipambana, mpaka kitanda chenyewe kimekuwa chumba cha mtihani. Akikiona tu, anashtuka."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemkosesha usingizi mkamwana wangu?" Sauti ya mama mkwe ilipanda. "Mimi ninayempikia na chai?"

"Chai gani hiyo, Mama?"

"Nzito. Ya kumtuliza."

"Chai nzito huamsha, haitulizi. Mpe asubuhi. Jioni mpe maji, au maziwa ya vuguvugu."

Mama mkwe akajivuta nyuma kitini. Mkasi alitamani kumtetea, lakini hakujua aanzie wapi.

"Mmefanya yote kwa mapenzi," muuguzi alisema kwa upole. "Sasa tutabadilisha njia tu. Dada, usipande kitandani mpaka macho yajifumbe yenyewe. Ukijilaza na kuona unakodoa macho, usibaki humo. Inuka, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, ufanye kazi ya kuchosha. Kunja nguo. Simu iache mbali. Macho yakiwa mazito, rudi. Saa igeuzie ukutani, usiitazame. Na asubuhi amka wakati ule ule, uwe umelala au hukulala."

"Subiri kwanza, nesi," mume akasema. "Mtu hajalala, halafu unamwambia achelewe kulala? Si utammaliza kabisa?"

"Siku za mwanzo atachoka zaidi, sikufichi. Ndiyo maana nashukuru hayuko kwenye kisu. Asilale mchana, hata akitamani vipi. Uchovu huo ndio utakaouita usingizi."

"Na kichwa changu?" Mkasi aliuliza. "Kinakata vitambaa usiku kucha."

"Mchana umekipa nafasi ya kusema?"

Mkasi alitikisa kichwa.

"Ukirudi kutoka kazini, kabla ya chakula, kaa na mumeo. Mwambie kila unachoogopa. Kinachowezekana kurekebishwa, amueni kesho utafanya nini. Kisichowezekana, kiseme tu kitoke. Kikija tena kitandani, kiambie zamu yake imekwisha. Halafu pumua polepole, utoe pumzi ndefu kuliko uliyoingiza." Muuguzi aliinuka. "Zikipita wiki chache bila nafuu, au ukianza kuona maisha hayana maana, njoo kituo cha afya. Usione haya. Na asubuhi, jamani, msimuulize amelalaje."

"Nisimjulie hali?" mama mkwe alishtuka.

"Msalimie, Mama. Muulize chochote kingine."

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alifungua kinywa. "Umela..." Akameza mate. "Umeyaona mawingu?"

Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu la dawa. Mumewe alikimbilia jikoni kucheka.

Lakini kicheko hakikudumu. Mwanzoni mambo yalizidi kuwa mabaya. Mkasi alikunja nguo mpaka zikaisha kabatini, akazikunjua, akazikunja upya. Kiwandani alitandaza vitambaa huku miguu ikimwuma na wenzake wakimwangalia kwa huruma. Mkataji mwingine ndiye aliyekishika kisu chake. Alirudi nyumbani akitaka kujitupa kitandani mchana kweupe, na mumewe alipomkumbusha asilale, alimfokea.

"Wewe unakoroma, unanifundisha nini?"

"Sikufundishi," mumewe alisema. "Kaa hapa. Niambie unaogopa nini leo."

"Naogopa mikono ya kushoto!"

Mumewe akauliza kwa makini, "Ulikoseaje hasa?" Mkasi akamweleza habari ya karatasi isiyogeuzwa.

"Mimi nikipaka nyumba yenye vyumba vingi," fundi rangi alisema, "kila ukuta nauandika kwa chaki jina la rangi yake kabla sijafungua kopo. Siku nilipoacha kuandika, nilipaka jiko rangi ya chumba cha bibi harusi."

Mkasi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake akaanza kuandika kwa chaki "kulia" na "kushoto" juu ya kila umbo lililochorwa na yule mkataji, kabla kisu hakijapita. Hofu moja ikapungua. Jioni nyingine alisema kubwa zaidi, ile ambayo hakuwahi kuitamka: kwamba akikatwa vidole hatajua yeye ni nani tena. Mumewe hakuwa na dawa ya hilo. Alimsikiliza tu, na Mkasi akashangaa kuona kwamba kusikilizwa kulitosha.

Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Siku moja alipitiwa bila kujua. Siku nyingine ukamkimbia. Kisha siku nzuri zikawa nyingi kuliko mbaya. Msimamizi aliona macho yake yamekaa vizuri, akamrudishia kisu. Lakini nani atakuwa mkuu wa meza, alikuwa bado hajasema.

Ikafika asubuhi ya kukata rundo la mwisho la vitambaa, lililokuwa nene kuliko yote. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa bahati mbaya, Mkasi hakulala vizuri.

Alisimama mbele ya mashine. Alivaa glavu. Vidole vilikuwa vizito ndani yake. Kiwanda chote kilikuwa kinamtazama. Akikiacha kisu leo, nani atamwamini na meza? Alipumua polepole, akatoa pumzi ndefu. Ni usiku mmoja tu mbaya, alijiambia. Kisha akavua glavu, akamwendea msimamizi.

"Bosi, leo sikulala vizuri. Nitachora na kukagua. Kisu akishike mwingine."

Yule wa vifungo alimfinya kiunoni. "Unajiharibia mwenyewe!" alinong'ona.

Msimamizi akamwita mkataji mwingine na kumwonyesha mashine. Mkasi alichora, akaandika kwa chaki, akakagua kila umbo mara mbili. Kisu kikapita. Mikono ya kulia ikatoka, na ya kushoto ikatoka, sawasawa.

Kazi ilipokwisha, Mkasi aliuliza mwenyewe. Hakutaka kwenda na swali hilo nyumbani.

"Bosi, nani anakaa mezani?"

"Wewe," msimamizi alisema. "Wenye mkono mwepesi ninao wengi. Nilikuwa namtafuta anayejua siku ya kukiweka kisu chini."

Jioni hiyo hawakuharakisha chakula. Redio iliimba sebuleni. Mumewe alianza kusimulia kisa kirefu cha mteja aliyebadilisha rangi ya mlango mara nne, na alikuwa amefika pale mteja anapoitaka tena ile rangi ya kwanza, Mkasi aliposimama ghafla.

"Utanimalizia kesho, mume wangu. Usingizi huu hapa."

"Lakini ndiyo nimefika penye utamu!"

Mkasi alikuwa ameshaingia chumbani. Mumewe akamgeukia mama yake, akaendelea na kisa chake, akiigiza sauti ya mteja na kupiga meza kwa kiganja. Mama mkwe alicheka kwa nguvu zake zote. Chumbani hakukusikika kitu, na hakuna aliyekwenda kuhakikisha.