Dhara la Ukungu

Asubuhi hiyo duka la fotokopi la Mwembesongo lilijaa walimu, kila mmoja akitaka mitihani yake itoke kwanza. Hidaya, mwalimu wa hesabu, alijichomoa mle ndani amekumbatia bahasha, mtandio wake wa manjano umemteleza begani. Alipoifungua nje, badala ya maswali ya kidato cha pili alikuta orodha: moto, sumu, radi, ukungu.

"Samahani dada, hizo ni zangu."

Kijana mrefu, mikono ya shati la bluu ameikunja hadi kwenye viwiko, alikuwa ameshika mitihani ya Hidaya.

"Naitwa Abdulatif. Huo ni mchezo wa mezani. Wachezaji wanakuwa mashujaa, mazimwi yanawadhuru, dadu zinaamua. Dhara la ukungu nimelibuni mwenyewe."

"Mazimwi ya wapi?"

"Ya Uluguru. Ya wapi tena?"

Hidaya alicheka, akazipitia tena zile karatasi. "Moto una ngao, sumu ina dawa. Ukungu kinga yake nini?"

"Hauna. Ndio utamu wake."

"Basi kila zimwi litatumia ukungu, na moto wako utabaki wa kuchemshia chai."

Abdulatif aliomba namba yake palepale.

Tangu hapo Jumamosi zote zikawa zao. Walicheza na rafiki zake Abdulatif sebuleni kwake, na jioni simu iliita.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Zimwi lako je?"

"Limegoma. Linasema limekukumbuka."

Hidaya alikuwa akikata simu na kubaki anatabasamu peke yake.

Mambo yaliharibika siku alipokuja Cecilia, mchapishaji wa michezo kutoka Dar. Abdulatif alikuwa ameuhangaikia mchezo ule miaka mitatu. Mashujaa wanne waliingia msituni, na ukungu ukawamaliza wote katika mizunguko miwili. Cecilia akauliza kama ndivyo inavyotakiwa iwe.

"Ni dadu tu leo zimekataa," Abdulatif alisema.

"Si dadu," Hidaya akadakia. "Nilimwambia tangu mwanzo." Akafungua daftari, akamwonyesha mgeni hesabu zote. Alidhani anasaidia. Alipoinua macho, Abdulatif alikuwa akitazama sakafu.

Mgeni alipoondoka, Abdulatif alisema, "Ungesubiri tubaki wawili."

"Tulipokuwa wawili hukunisikiliza."

Hidaya alichukua mkoba wake, akaondoka. Wiki mbili simu haikuita. Mara kadhaa aliandika ujumbe, akaufuta. Shule zilipofungwa alikwenda kwao Mkuyuni, akawa anamsaidia mama yake kuuza mananasi sokoni.

Hapo ndipo bodaboda ilipomshusha Abdulatif Jumanne moja, suruali imejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akamgeukia Hidaya. "Nimerusha dadu mara mia tatu. Ulikuwa sahihi."

"Mara mia tatu? Mimi nilitumia kalamu tu."

"Niliumia kwa sababu wewe, kuliko hata Cecilia, nilitaka uone nimetengeneza kitu kizuri."

"Ni kizuri, Latifu. Ndiyo maana nilikikalia usiku na mchana. Lakini mbele ya mgeni sikupaswa. Nisamehe."

Abdulatif alimpa karatasi. Nguvu ya ukungu ilikuwa imepunguzwa nusu, na shujaa aliyesimama karibu na mwenzake hakuumia sana. Hidaya aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona.

"Hii inafaa," alisema taratibu.

"Cecilia ameikubali. Anataka majina yetu sote wawili juu ya boksi."

"Na wewe unataka nini?"

"Kukuoa."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini wanawake waliokuwa wakichagua mananasi waligeuka wote. Hidaya alihisi masikio yakimwaka moto. Alimtazama mama yake, aliyekuwa akifuta nanasi moja lililokwisha kuwa safi.

"Baba yuko msikitini," Hidaya alisema. "Akirudi, umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

"Na wewe utasema nini?"

"Nimeshakubali. Hujaona?"

"Basi mpe kiti," mama yake alisema bila kuinua kichwa. "Baba yako akimkuta amesimama juani, atasema sikukulea."