Mkanda wa Afande

Nisikilizeni, wazazi wenzangu, hasa nyinyi mnaojivunia watoto wenu mpaka mkasahau kuwauliza hali. Nyumba ninayoisimulia haikukosa upendo hata siku moja, na ndiyo maana inaniuma.

Asubuhi ile fundi cherehani alikuwa barazani akishona sare za shule, miwani imemteremkia puani. Mkewe alikuwa akipiga pasi. Binti yao wa miaka ishirini alikaa mkekani akifunga vifungo na kucheka peke yake, kwa sababu barua ya kumwita kwenye mafunzo ya jeshi ilikuwa imefika juzi. Mtaa mzima ulishaanza kumwita Afande, na aliyeanzisha jina hilo ni fundi mwenyewe. Mteja aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka na habari za Afande, atake asitake.

Kabla ya adhuhuri binti akashika tumbo na kujikunja. Walipomfikisha hospitali, ikaonekana ni kidole tumbo, akapasuliwa siku hiyohiyo. Upasuaji ulikwenda salama.

"Miezi mitatu asikimbie wala asinyanyue kitu kizito," daktari alisema. "Aanze kwa kutembea. Na huko jeshini waandikieni mapema, muwaeleze."

Zilibaki wiki kumi tu mafunzo yaanze. Fundi aliitikia kwa kichwa, lakini barua hakuiandika. Alijiambia nafasi atapewa mwingine. Kusema kweli, aliona haya pia. Angewaambia nini wateja wake?

Wiki ya nne alimwita binti, akalitazama kovu kwa jicho la kazi yake, akapitisha kidole juu yake taratibu.

"Limeshika," alisema. "Mshono kama huu hata mimi siutii kasoro."

"Baba watoto, hiyo si suruali," mkewe alisema.

"Mama watoto, miaka thelathini nashona! Mshono nausoma kwa kidole."

Basi akakata turubai laini, akaitandika sponji ndani, akashona mkanda mpana wa kubana tumbo. Kitambaa kikilegea hutiwa mkanda, ndivyo alivyojua yeye. Aliushona kwa mapenzi, jamani, safu tatu za uzi. Kesho yake binti akaanza kukimbia.

Kila akirudi, fundi alimuuliza, "Vipi, Afande?" naye alijibu, "Niko fiti, baba." Mkanda hakuuvua mbele ya mtu. Mama alimwona akikaa upande upande na kula kidogo, akaambiwa ni uchovu tu.

Wiki ya saba binti alikuwa uani akifanya mazoezi ya tumbo, analala chali na kujiinua, baba anahesabu kwa sauti, majirani wawili wanachungulia juu ya ukuta na kupiga makofi. Kufika kumi na nane akakwama. Uso ulimbadilika rangi, akalala ubavu. Fundi alipiga magoti, akafungua mkanda. Kando ya kovu palikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu.

"Uvimbe huu umeanza lini, mwanangu?"

"Wiki ya pili tangu nianze kukimbia."

"Na ukaninyamazia?"

"Ulikuwa unafurahi sana, baba."

Fundi alilia palepale, mbele ya majirani, na hakujificha.

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimweleza kwamba ngozi hufunga mapema, ila nyama za ndani huchelewa kushikana. Zikilazimishwa huachia, na utumbo husukumwa nje. Ni ngiri. Binti akapasuliwa mara ya pili, na wenzake wakaenda mafunzoni bila yeye.

Safari hii fundi aliandika barua, akaipeleka mwenyewe. Ofisa mwandikishaji, mama mmoja mtulivu, aliisoma mpaka mwisho.

"Mzee, ungeniletea hii wiki ile ya kwanza, ningemsogeza kwenye kundi linalofuata. Sasa nafasi imeshapita. Aombe upya, ashindane kama wengine."

Alirudi nyumbani, akamwambia binti kila neno. "Kosa ni langu," alisema. "Ukitaka kuacha, acha. Ukitaka kujaribu, twende pamoja, na mwendo utapanga wewe."

"Nataka, baba. Ila polepole."

Wakaanza kwa kutembea mpaka lango la jirani na kurudi. Wiki iliyofuata mpaka duka la kona. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimfundisha kupumua na kukaza tumbo kidogo kidogo, na binti hakuongeza hatua hata moja bila ruhusa yake. Mama naye alikuwa na swali lake kila jioni kabla ya kupakua: "Leo panauma wapi?" Mwanzoni binti alisitasita. Baadaye alijibu bila kuona haya, na siku akisema panavuta, kesho yake walipumzika. Mwezi wa sita baada ya upasuaji akaruhusiwa kukimbia. Fundi alihema nyuma yake akilalamika, "Afande, muonee huruma raia!" Binti alicheka mpaka akasimama kumngoja.

Mwaka uliofuata aliomba, akashindana, akaitwa. Fundi alimsindikiza mpaka langoni, akashika begi lake huku daktari wa jeshi akiwapima vijana mmoja mmoja. Daktari huyo alimkagua binti kwa muda mrefu, akasoma vyeti vya hospitali, kisha akauliza:

"Kuna kinachokuuma?"

Roho ilimruka fundi. Binti alitazama miguu yake.

"Tumbo haliumi, afande. Kisigino cha kushoto kinauma tangu jana. Viatu ni vipya."

Daktari alicheka, akamfunga bandeji, akagonga muhuri. Fundi aliegemea uzio na machozi yakimtiririka. Wazazi wengine walidhani analilia kutengana na mtoto.

Funzo

Mwili uliopasuliwa hufuata maelezo ya daktari, haufuati tarehe ya barua wala makofi ya majirani. Aliyetoka kwenye upasuaji apewe muda wake wote, na wanaomsubiri waambiwe mapema. Lakini nyinyi wazazi nawaambia zaidi: msifurahi kwa kishindo mpaka mtoto aogope kuwaharibia furaha. Muulizeni panapouma, na akiwajibu, mwaminini.