Kura ya Mama Ngazi

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nyumba ile ilianza kazi kwa ndoo. Cherehani ilisubiri.

Mama Ngazi alichota maji sebuleni kwa kopo. Mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyabeba na kuyamwaga nyuma ya nyumba. Mwanawe, ambaye ni mwashi, aliinua cherehani na kuiweka juu ya matofali. Mjukuu alikaa kitandani akicheka. Kwake yeye ulikuwa mchezo.

Maji yalitoka kwenye mtaro wa mbele. Mtaro ule uliziba zamani na kingo zake zilibomoka. Mvua kidogo tu, maji yaliacha njia yake na kuingia ndani bila kubisha hodi.

"Leo yamefika kwenye gauni la bibi harusi," mkwe alisema. Aliinua gauni jeupe. Pindo lake lilikuwa na tope.

"Lifue," Mama Ngazi alisema.

"Nimeshalifua, Mama. Tope limeng'ang'ania. Mwenyewe anakuja mchana. Akiondoka na hasira, wenzake watamfuata. Nitabaki namshonea nani?"

Wakati wa mvua waashi hukosa kazi. Cherehani ile ndiyo iliyowalisha.

Nje, fundi bomba wa nyumba ya pili alikuwa ndani ya mtaro. Alikunja suruali mpaka magotini, akatoa taka kwa koleo.

"Huyo anatafuta kura," mwashi alisema. "Si anagombea udiwani kwa chama cha Kengele?"

"Alizibua hata mwaka jana," mkwe alisema polepole. "Hakuwa anagombea kitu."

"Wewe upo upande gani?" mumewe aliuliza.

"Mimi nipo upande wa gauni."

Mama Ngazi hakuitwa hivyo bure. Ngazi ilikuwa alama ya chama chake. Alikuwa na vilemba vya kijani, rangi ya chama, vya kuvaa wiki nzima bila kurudia. Marehemu mumewe alikuwa katibu wa tawi. Mzee alipofariki, watu wa tawi walichimba kaburi. Walileta viti na maji. Walikaa naye mpaka machozi yakapungua. Mama Ngazi hakuisahau fadhila ile hata siku moja.

Mumewe alimwachia pia namna ya kupiga kura. Alimfundisha zamani, wakati hajui kusoma. "Weka kidole gumba juu ya picha ya mtu," alimwambia. "Sura zitakuchanganya. Tafuta ngazi. Tia alama, kunja, toka." Mwanawe alifundishwa hivyo hivyo. Mkwe alipoolewa, naye alionyeshwa, kama alivyoonyeshwa mahali chumvi inapowekwa.

Diwani wao alikuwa wa Ngazi. Kwa hiyo Mama Ngazi hakuwa na wasiwasi. Maji yalipotulia alifunga kilemba cha kijani, akaenda ofisini kwa diwani. Nje ya ofisi mwanamume mnene alikuwa ameketi kwenye benchi, akichokonoa meno.

"Kijana," Mama Ngazi alimwambia, "hebu kamwambie diwani Mama Ngazi amefika. Nina shida ya mtaro."

Yule mtu alimtazama. "Diwani hayupo, mama. Pita siku nyingine."

Alipita siku nyingine. Akapita na nyingine tena. Kila mara mtu wa benchi alikuwepo na diwani hakuwepo.

"Basi mpe kura huyo wa benchi," mwashi alitania. "Yeye angalau anapatikana."

Kampeni zikaanza. Vijana wa Ngazi walibandika bango kwenye ukuta wa nyumba yao. Hawakuomba ruhusa. Nyumba ile waliihesabu kuwa yao. Mama Ngazi aliiona ngazi kwenye bango, akaridhika, akageuka kuondoka.

"Mama," mkwe aliita. "Njoo umwone huyu."

"Nimeshaiona ngazi."

"Ngazi iache kwanza. Tazama uso."

Mama Ngazi alitazama uso. Alikuwa mtu wa benchi.

Chini ya picha kulikuwa na maneno. Siku hizi Mama Ngazi alikuwa akijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima. Alifuata herufi kwa kidole. "Di-wa-ni we-nu," alisoma.

Mkwe aliziba mdomo kwa mkono. Mabega yake yalitikisika.

"Cheka tu," Mama Ngazi alisema. "Usije ukapasuka bure."

"Samahani, Mama. Lakini ulimtuma akajiite mwenyewe."

Mama Ngazi naye alicheka. Halafu kicheko kilimwisha. "Nimempigia kura mara mbili," alisema. "Mara mbili, na kidole changu kilikuwa juu ya uso wake."

Wiki ile alikuja mteja. Alikuwa msichana anayefanya kazi na tume ya uchaguzi. Kazi yake ilikuwa kupita mitaani kuwaelimisha wapiga kura. Blauzi yake ilimbana mabegani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Hapo pakavu."

Mkwe alimpima mabega. Kisha aliuliza swali lililokuwa limemkaa rohoni. "Dada, hivi mtu wa Ngazi akimpigia kura mtu wa Kengele, kura yake haiharibiki?"

"Haiharibiki," mwelimishaji alisema. "Kadi ya chama ni ya chama. Karatasi ya kura ni yako. Tena utapewa karatasi tatu. Ya rais, ya mbunge na ya diwani. Si lazima zote ziende chama kimoja. Kila karatasi ina kazi yake, na unaitafutia kila kazi mtu wake."

"Lakini watajua," mkwe alisema.

"Nani atajua? Karatasi haina jina lako. Unaingia peke yako, unatia alama, unakunja, unatumbukiza kwenye sanduku. Mume hana haki ya kukulazimisha useme. Mama mkwe hana. Katibu wa tawi hana."

Mkwe alimtazama mama mkwe wake kwa pembe ya jicho. Mama Ngazi alijifanya anatafuta uzi.

"Wewe binti," alisema hatimaye, "umetumwa na Kengele?"

"Hapana, Mama. Mimi siwezi kukwambia umchague nani. Ukimtaka wa Ngazi, mchague. Ninachosema ni kwamba umjue."

"Maneno mazuri. Lakini hukuwepo mume wangu alipokufa. Watu wa Ngazi walinizikia mume. Leo niende kuweka alama kwenye kengele? Huo si utovu wa shukrani?"

Msichana aliona kwamba swali lile lilitoka mbali.

"Uliwashukuru, Mama?"

"Niliwashukuru. Na bado nawashukuru."

"Usiache. Waliokutendea wema wanastahili. Lakini kura si asante. Kura ni kumpa mtu kazi. Huyu mwanao ni mwashi. Ukuta wako ukianguka, utamwita fundi kwa sababu shangazi yake alikusaidia zamani, au utamwita anayejua kujenga?"

"Mwashi mwenyewe hajui kujenga," Mama Ngazi alisema. "Tazama ukuta huu."

Wote walicheka. Mwashi alikuwa mlangoni, naye akacheka, ingawa hakupenda sana.

"Sasa nitajuaje nani anafaa?" Mama Ngazi aliuliza.

"Waulize wagombea wote swali lile lile. Sikiliza nani anajibu na nani anazunguka. Kisha tazama amefanya nini kabla ya kuomba kura. Jumamosi watakuwa pamoja kwenye uwanja wa shule. Nenda."

Jumamosi Mama Ngazi alikwenda. Alifunga kilemba chake cha kijani kama kawaida. Muda wa maswali ulipofika, alisimama.

"Mtaro wa mtaani kwetu unaleta maji ndani," alisema. "Mkwe wangu anapoteza wateja. Nataka kila mmoja aniambie atafanya nini."

Diwani alitabasamu. "Mama yetu huyu," alisema. "Huyu ni wetu kabisa. Kura za nyumba yake ninazo mfukoni tayari. Mama, usihangaike. Wewe tunakujua."

"Unanijua?" Mama Ngazi aliuliza. "Nilikuja ofisini kwako. Ukaniambia wewe mwenyewe kwamba hupo."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Lakini Mama Ngazi hakucheka. Neno moja lilikuwa limemchoma. Mfukoni. Basi ndiyo maana. Mtu aliye na kura yako mfukoni ana haja gani ya kuinuka kwenye benchi?

Fundi bomba alipewa nafasi yake. Hakuwa msemaji mzuri. Alishika kipaza sauti kama anashika spana.

"Kuzibua kwa koleo hakutoshi," alisema. "Nimefanya hivyo, maji yanarudi. Chini kuna bomba dogo kuliko maji yanayokuja. Lazima libadilishwe na kingo zijengwe. Hiyo ni kazi ya halmashauri, si ya mtu mmoja. Nikichaguliwa nitaipeleka kwenye kikao, na nitarudi kuwaambia walichosema. Hata wakikataa nitarudi."

"Na wewe ni Kengele," Mama Ngazi alisema. "Mtaro utapita kwa watu wa Kengele tu?"

"Mama, maji yakiingia ndani hayaulizi kadi."

Mama Ngazi aliketi. Jibu alikuwa nalo.

Siku ya kura, familia ilitoka pamoja. Njiani mwashi alisema, "Ngazi tupu, Mama, siyo?"

"Wewe chagua yako," Mama Ngazi alisema. "Na mkeo achague yake. Nisisikie mtu anamuuliza mwenzake."

Mkwe alisimama kidogo katikati ya njia. Kisha aliukamata mkono wa mama mkwe wake, wakaendelea kutembea.

Ndani, Mama Ngazi alipewa karatasi tatu. Ya rais aliijaza upesi. Mgombea ubunge wa Ngazi alikuwa mwanamke mchapakazi, tena alifika mtaani mafuriko yalipotokea. Akamtilia alama kwa moyo mweupe. Ikabaki karatasi ya diwani.

Kidole gumba kilikwenda chenyewe kufunika picha. Alikitoa. Alitazama nyuso zote, moja baada ya nyingine. Alisoma majina yote, silabi kwa silabi, bila haraka. Hakuna aliyemsukuma. Kisha alitia alama kwa fundi bomba, akakunja karatasi, akaitumbukiza kwenye sanduku.

Aliogopa kwamba moyo utamsuta. Haukumsuta. Alimkumbuka mumewe, na aliona kwamba hajamkosea. Mzee alimfundisha kadiri ya macho aliyokuwa nayo siku zile. Sasa yeye mwenyewe anasoma.

Nje alikutana na katibu wa tawi. "Tumeshinda kwako, Mama?" katibu aliuliza kwa utani.

"Liulize sanduku," alisema Mama Ngazi.

Fundi bomba alishinda kwa kura chache. Alipeleka habari ya mtaro kwenye kikao, na mara ya kwanza ikakataliwa. Alirudi mtaani kuwaambia, kama alivyosema. Watu waliandika barua na kuweka sahihi. Mama Ngazi aliandika jina lake mwenyewe. Kikao cha pili kilikubali.

Mafundi wakaja. Mwashi aliomba kazi ya kujenga kingo, akaambiwa nafasi zimejaa. Alinuna siku nzima.

"Jirani yetu mwenyewe ananinyima kazi," alilalamika.

"Vizuri," mama yake alisema. "Angekupa kwa ujirani, kuna mwingine angenyimwa kwa kukosa ujirani. Kula chakula chako."

Mvua kubwa ilinyesha. Maji yalipita mtaroni kwa kelele, yakaenda zake. Cherehani ilifanya kazi mchana kutwa. Mkwe alikuwa na magauni matatu ya harusi, yametundikwa chini, karibu na sakafu kabisa.

"Asante, Mama," mkwe alisema bila kuinua kichwa.

"Asante ya nini? Mtaro nimechimba mimi?"

"Ile asubuhi, njiani. Uliposema tusiulizane."

Mama Ngazi alimshika bega. Hakuwa mtu wa kushika mabega.

Chama hakukiacha. Alikwenda kwenye mkutano wa tawi na kilemba chake. Kwanza aliwashukuru tena kwa mazishi ya mumewe, mbele ya watu wote. Kisha aliwaambia, "Kura zetu msiziweke mfukoni. Tuleteeni mtu anayefanya kazi kuliko yule fundi, nami nitamsikiliza." Wengine walinung'unika. Katibu aliinama akafikiri. Tangu hapo vijana wa tawi walianza kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza watu shida zao.

Jioni moja diwani mpya alipita akikagua mtaro. Mama Ngazi alitoka nje.

"Nakushukuru, mwanangu," alisema. "Umetutoa majini. Mungu akuweke."

"Nami nakushukuru, Mama. Kwa kura yako."

"Nani kakwambia nilikupa?"

Diwani alicheka, akajikuna kichwa. "Samahani, Mama. Kwa maswali yako, basi."

"Hapo sawa. Asante yangu ichukue yote, ni yako. Lakini kura ya mara nyingine utakuja kuiomba upya."

"Nitakuja," diwani alisema. Akainama tena kutazama maji yanavyopita.