Nusu Inchi ya Mafuta

Siku waliyokutana, yadi ya magari ya mitumba ilikuwa imefurika watu, na yeye alikuwa amechuchumaa kando ya gari jekundu akipitisha sumaku ya friji ubavuni mwake. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwenye jinzi iliyopauka magotini na kilemba cha kijani, na wauzaji walikuwa wameshaanza kukonyezana. Sumaku ikadondoka.

"Hapo hakuna bati, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Ni puti tupu ya kuzibia mashimo. Wamelipamba kama bibi harusi."

"Ndiyo maana nimekuja na sumaku, sikuja na pete," akajibu bila kugeuka.

Aliyecheka alikuwa fundi wa injini, mrefu, ovaroli yake safi kuliko ya fundi yeyote ambaye mwalimu aliwahi kumwona. Wakazunguka yadi pamoja. Fundi alimvuta kwenye Skyline ya silinda sita, akaisifia mpaka pumzi ikamwishia. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye Corolla ya zamani ya milango miwili, rangi imebabuka, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Alitaka gari jepesi. Kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima, gari moja moja, na timu moja ilikuwa imetangaza kwamba dereva mpya atakayefika kileleni chini ya dakika tatu itamchukua. Kwa miaka tisa mwalimu alikuwa amekaa kiti cha abiria akifundisha watu kwenda polepole. Nafasi ile aliitaka kuliko kitu chochote.

"Hii," akasema. "Na wewe ndiye utakayenitengenezea."

"Nani kakwambia nina muda?"

"Saa nzima sasa unanifuata nyuma."

Fundi akaenda kufungua boneti.

Kazi ilichukua miezi minne, na mapenzi hayakuchukua hata mwezi. Wakafunga kabureta mbili, springi fupi na ngumu, na breki za diski nyuma. Viti vya nyuma wakaving'oa. Kaka yake fundi, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu, kama mwalimu alivyoambiwa, agongwe na lori, aliuza vipuri kwenye dirisha la gereji na kuwatania kwamba wao ndio wa kwanza kuchumbiana kwa spana. Mchana, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine, simu ya mwalimu ilikuwa haikosi kulia.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Na gari langu linaendeleaje?"

"Wivu utaniua. Unaliulizia gari kabla yangu."

Siku ya mashindano mwalimu alivaa ovaroli nyeupe aliyoipunguza kiunoni mwenyewe. Akapanda mlima kwa roho yake yote. Saa ikasema dakika tatu na sekunde nne. Fundi alimkumbatia, akamwambia asijisumbue, injini imezeeka na imetoa ilichokuwa nacho.

Mwalimu hakuilaumu injini, alijilaumu mwenyewe. Raundi ya pili ilikuwa baada ya wiki tatu, na kwa wiki mbili alifanya mazoezi ya kubadili gia mpaka kiganja kikatoka malengelenge, na fundi akakipaka dawa. Kisha akaona bora apunguze uzito zaidi, akang'oa zulia la sakafuni. Chini ya pedeli ya mafuta kulikuwa na bolti mpya inayong'aa, imefungwa kwa nati mbili. Akaikandamiza pedeli kwa mkono. Ikagonga kichwa cha bolti na kusimama nusu inchi kabla ya mwisho, hivyo injini haikuwahi kupewa mafuta yote. Bolti ile haikuja na gari kutoka Japani.

Akampigia fundi simu palepale, magoti yake bado chini.

"Niambie, mpenzi."

"Nimeng'oa zulia."

Mashine ya kukatia chuma iliyokuwa ikinguruma nyuma ya fundi ikazimwa.

"Nakuja," fundi akasema.

"Usije. Sema hapohapo."

Akasema. Kaka yake hakuwahi kugongwa na lori. Alipinduka kwenye mlima uleule, kona ya saba, ndani ya gari alilotengenezewa na mdogo wake, fundi huyuhuyu, likiwa na nguvu zote alizoziomba. Ilipofika zamu ya mwalimu, mkono wa fundi ulikataa kumpa nguvu zote.

"Nakupenda, Mwalimu. Sina sababu nyingine."

"Hata mimi gari langu la shule lina breki ya pili upande wangu. Lakini mwanafunzi anaonyeshwa kabla hajawasha. Wewe ulikishika kiganja changu, ukakipaka dawa, ukanyamaza."

Akakata simu, akalia kwa hasira. Kisha akachukua spana akaifungua bolti mwenyewe, na kwa wiki nzima hakupokea simu ya gereji.

Raundi ya pili alipanda kwa dakika mbili na sekunde hamsini na saba. Timu ikaandika jina lake. Watu walipopungua akamwona fundi amesimama peke yake pale kileleni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, macho mekundu. Hasira ikamwisha. Alikuwa na hamu naye mno.

"Nimekusamehe," akamwambia akiwa kifuani pake. "Nimekusamehe kweli."

"Basi nikuoe."

"Gari langu atatengeneza nani?"

"Mimi. Sitamwachia mtu mwingine."

"Na pedeli utaiacha ifike mwisho?"

Fundi alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Mwalimu aliomba moyoni aseme ndiyo, hata kama ni uongo.

"Hapana," fundi akasema. "Nitatafuta njia nyingine, ambayo hutaiona."

Mwalimu hakuwahi kumpenda kama dakika ile. Akatikisa kichwa kukataa, na fundi akaelewa kwamba hilo ndilo jibu la posa yake.

"Basi panda garini, nikushushe mpaka chini," mwalimu akasema.

Fundi akakitazama kiti cha abiria, akashindwa. Alisema atatembea.

Mwalimu akampita pembezoni mwa barabara, taratibu, asije akamshtua. Akapita kona ya kwanza taratibu, ya pili taratibu, na kwenye ya tatu akagundua kwamba anaendesha kwa ajili ya masikio ya mtu aliyemwacha nyuma. Akafuta machozi kwa kiwiko, barabara ikanyooka, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Alijua fundi anamsikia.