Hamsini Wima, Hamsini Kando

Hakuna aliyemwita. Inspekta alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la mkurugenzi wa nyumba ya uchapishaji, akikagua bahasha iliyoibiwa mswada na kujazwa karatasi tupu, mara mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume mwenye koti refu.

"Msishtuke. Ni mimi."

Sauti ile nchi nzima iliijua. Jicho la Tai, mpelelezi mstaafu, bingwa wa kipindi cha redio.

"Nani kakutuma, kaka?"

"Bosi wako. Kasema umechoka."

Hapo hakusema uongo. Miaka mingi Inspekta alikuwa akiomba uhamisho awe karibu na mama yake, ambaye sasa alikuwa haoni tena. Barua ilikuwa mezani kwa bosi, ikingoja sahihi.

Jicho la Tai alichungulia dirisha, akanusa zulia, akatangaza kuwa mwizi ni mlinzi wa getini.

"Ushahidi uko wapi?" Inspekta aliuliza. "Ufunguo wa kabati huning'inia msumarini, kila mtu anaujua. Alama za vidole ni za ofisi nzima."

"Dada, uzoefu hauna risiti."

Mlinzi akatiwa pingu.

Kesho yake Inspekta alirudi peke yake, akawahoji wafanyakazi mmoja mmoja. Fundi wa kujalidi vitabu aliingia na gundi vidoleni. Alipoona karatasi zile tupu mezani, alitikisa kichwa.

"Umeona nini, mama?"

"Zilivyopangwa. Hamsini wima, hamsini kando, mpaka juu. Hapa kazini anayepanga hivyo ni mmoja tu. Mzee wa prufu, anayesahihisha kurasa kabla hazijachapwa."

"Mbona hukumwambia yule bwana mkubwa?"

"Aliniuliza kitu? Aliniagiza maji ya kunywa."

Inspekta akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Simchongei mtu, mwanangu," mama yule aliendelea. "Ila mlinzi analala mahabusu bure. Nami nina ombi. Miaka ishirini na mbili najalidi vitabu vya watu, jina langu halimo hata katika kimoja. Ukiandika ripoti yako, nami niwemo."

"Utakuwemo. Nakuahidi."

Mzee wa prufu hakukana. Alivua miwani, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nilitaka bahasha iwe na uzito ule ule tu. Sikujua hata kama ninazipanga."

"Mswada uko wapi?"

"Chini ya prufu za kamusi. Nani hugusa kamusi?"

"Kwa nini, mzee?"

"Aliyeuandika ni dada yangu, marehemu. Ni hadithi: mtu ameuawa katika nyumba ya wapangaji, na wapangaji wenyewe, dobi na fundi bomba, wanamsaka mwuaji mpaka wanampata. Mkurugenzi akaniamuru niingize mpelelezi maarufu. Eti bila yeye hakuna atakayenunua. Kila alichokigundua dobi, nimpe yeye. Nilishika kalamu nyekundu, Inspekta, nikashindwa."

"Ungekataa."

"Angepewa mwingine. Nakala ni hiyo moja. Dada alikuwa mtu wa taipureta."

"Na bila huyo maarufu, kitabu kinasomeka?"

"Nimekisoma mara nne. Kila mara namwogopea yule dobi."

Jioni bosi alimpa mkono. "Safi sana. Sasa andika aliyegundua ni Jicho la Tai. Waandishi wa habari wako nje, wanataka jina wanalolijua. Fundi wa kujalidi nani anamtaka? Halafu nisaini barua yako."

"Nikiandika yaliyotokea?"

"Basi barua itakaa. Barua haina miguu."

Inspekta alirudi mezani kwake. Akilini alimwona mama yake akipapasa ukuta kuelekea jikoni. Akapiga simu kwa fundi wa kujalidi, akamwomba majina yake matatu. Akayaandika polepole kwenye ripoti, akasaini, akaipeleka kwa bosi.

Kisha akapiga simu nyumbani.

"Mama," alisema, "mwaka huu tena siji."