Siku ya Kuwa Malaika

Kila Jumamosi Jenipher aliamka mapema, akaosha vyombo na kufagia uani, kisha akamsaidia mama yake kukaanga vitumbua vya kuuza pale barazani kwao, Manzese. Akishamaliza, mbio hadi ukumbi mdogo wa ofisi ya kata. Huko Dada Hamisa, afisa ustawi wa jamii, aliwakusanya watoto walioteleza. Wengine walikuwa watoro, wengine wagomvi. Jenipher mwenyewe aliiba simu dukani kwa Mzee Thuwaini. Badala ya kupelekwa polisi, aliletwa hapa apate ushauri nasaha, na kusema kweli, alibadilika.

Jumamosi hii haikuwa ya kawaida. Diwani, Mheshimiwa Erasmus, alikuwa anakuja na wajumbe wa kamati ya manispaa kuamua kama kikundi kiendelee kupewa fedha au kifungwe. Nanyi mnajua mambo yetu: mgeni rasmi akitajwa tu, hata ukuta uliosahaulika miaka yote hupakwa chokaa! Watoto nao wakataka kujipaka chokaa yao. Walid, kiongozi wa kikundi, aliwaita pembeni kabla Dada Hamisa hajafika.

"Sikilizeni nyie. Tukisema sie ni wezi na watoro, nani atatoa hela? Leo sote ni watoto wazuri. Sawa?"

"Sawa!" wakaitikia wote. Jenipher naye aliitikia, ingawa moyo ulisita.

Wageni wakafika, wakaimbiwa, wakapigiwa makofi. Kisha diwani akaanza kuuliza mmoja mmoja.

"Kijana, nini kilikuleta hapa?"

"Napenda sana kusoma, mheshimiwa," alijibu Walid, ambaye zamani alikijua vizuri kila kibanda cha michezo ya video kuliko darasa lake.

"Na wewe binti?"

"Mie nawatii wazazi," alisema Filomena, aliyewahi kutoroka nyumbani.

Diwani akawageukia wajumbe. "Kata hii ina malaika watupu! Lakini fedha hizi ni za watoto wenye matatizo. Naona tuzipeleke kata nyingine."

Jenipher akamtazama Dada Hamisa, akitegemea atasema neno. Dada Hamisa alinyamaza. Alikuwa amewaahidi watoto kwamba siri zao hazitatoka kinywani mwake, na hata sasa hakuivunja ahadi hiyo. Jenipher akaelewa kwamba wasiposema wenyewe, hakuna atakayewasemea. Na mtoto mwingine akikosea kesho, atapelekwa wapi? Akasimama.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mie niliiba simu."

"Marahaba. Umesemaje?"

"Niliiba simu ya Mzee Thuwaini. Dada Hamisa akanikalisha na mama, tukaongea bila kugombana. Nikaenda kuomba radhi. Siku hizi mzee akienda kuswali, mie ndiye anayeniachia duka."

Walid akainuka huku ameinamisha kichwa. "Na mie nilikuwaga mtoro, mheshimiwa."

Filomena akafuata, na mwingine, na mwingine, mpaka ikawa mashindano.

"Nilivunja kioo cha shule!"

"Mie viwili!"

"Mie nilimfungia mwalimu ofisini!"

"Taratibu jamani!" alisema diwani, akicheka mpaka machozi. "Msije mkajitwisha hata makosa ya jirani!"

Wajumbe wakanong'onezana kidogo, wakakubaliana. Fedha zingebaki palepale. Vifijo vikalipuka! Filomena akageuza ndoo kuwa ngoma, singeli ikaanza, na diwani akavua koti akaingia katikati kucheza.

Wageni walipoondoka, Walid aliuliza, "Dada, mbona ulinyamaza? Tulikuwa tunakosa kila kitu."

"Mambo yenu ni yenu, Walid. Wa kuyasema ni nyie," alijibu Dada Hamisa. "Mlidhani mkionekana hamna doa ndipo mtasaidiwa. Anayeficha kosa lake hasaidiki, tena anamzibia njia mwenzake mwenye shida kama yake. Leo Jenipher amemsaidia mtoto ambaye hata hatumjui."

Jumamosi iliyofuata mtoto huyo alifika. Aliitwa Maisa, na alikuwa amemshika mama yake mkono, macho chini. Jenipher akamsogezea kiti karibu na chake.

"Karibu, Maisa," alisema. "Mie niliiba simu. Wewe je?"