Kiti cha Msomaji wa Pili

Matangazo ya biashara yalipoanza asubuhi ile, Winny, mtayarishaji wa habari, alikuta kiti cha Wechuli, msomaji wa pili, kimelowa. Akaleta kitambaa, akapangusa, na kitambaa kikanuka matope ya ziwa, yale ya ufuoni ambako magugumaji huoza.

"Nani ameingia huku na gambuti?" akauliza.

Studio haikuwa na mtu mwingine ila Gakenia, msomaji wa kwanza, na Gakenia alikuwa amevaa viatu vya kisigino. Wechuli mwenyewe hakuwa amefika kazini.

Watu husema majini ni ya Pwani. Haya, waendelee kusema. Hili lilitokea Kisumu, mtaa wa Milimani, ndani ya nyumba kubwa iliyogeuzwa kituo cha televisheni, na nje jua likiwaka.

Gakenia alikuwa amesoma habari peke yake miaka mingi, na kazi aliijua. Kisha kituo kikaanza kupeperusha habari mchana kutwa na usiku kucha, na mkubwa wao, Bwana Wandera, akaamuru wasomaji wakae wawili wawili. "Mtazamane! Mpokezane! Mcheke kidogo, kwani hii ni matanga?" Tena akapiga marufuku kuaga. "Chaneli hii hailali. Atakayemwambia mtazamaji kwaheri, na yeye aage kazi." Badala ya kwaheri, alimrekodi Gakenia akisema kwa sauti tamu, "Usibanduke, bado tuko pamoja." Kila Winny alipobonyeza kitufe cha matangazo ya biashara, maneno hayo yalitangulia.

Mwenzake Gakenia ndiye huyo Wechuli, kijana wa Bungoma, mcheshi, baba wa mtoto mchanga. Mwanzoni waligongana maneno kama wapishi wawili kwenye jiko moja, lakini walikuwa wameanza kuzoeana, na Gakenia alishampenda kama mdogo wake.

Siku ile ya kiti kulowa, mafuriko yalifunga barabara pale Ahero, Wechuli akakwama huko. "Soma zako na zake, Mama," Winny alimwambia Gakenia kupitia kidude cha sikioni, na kamera ikamkazia yeye peke yake. Lakini mazoea yana taabu. Alipomaliza habari ya kwanza, Gakenia akageukia kiti kitupu, akatabasamu kama alivyofunzwa, akasema, "Karibu, mwenzangu."

Akajiuma ulimi. Lo! Kabla hajarudisha macho kwenye kamera, sauti ya mwanamume ikaanza kusoma habari ya mvua, taratibu, bila kosa hata moja.

"Wechuli amefika saa ngapi?" Winny akauliza sikioni.

Gakenia akatazama kiti. Hakikuwa na mtu. Taa ya maikrofoni ya Wechuli ilikuwa inawaka.

Kesho yake Wechuli akaja, akacheka habari za Ahero, akakaa. Walipomaliza kusoma, sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Ni baridi ya maji," akasema. Siku iliyofuata ikakwaruza zaidi, na bado hewani alisikika akinguruma vizuri kuliko zamani, hata watazamaji wakatuma salamu za kumsifu na Bwana Wandera akampiga bega. Gakenia peke yake, aliyekaa karibu, ndiye aliyeona midomo ya Wechuli ikichelewa nyuma ya maneno. Na ile harufu ya matope haikuondoka tena, ingawa wafagizi walimwaga dawa mpaka macho yakawasha.

Ilipofika Ijumaa, Wechuli aliinama kwenye sinki la chumba cha vipodozi, akakohoa maji. Maji meusi, yenye vijani. Gakenia akafunga mlango.

"Twende hospitali."

"Nimeenda. Wanasema mapafu ni safi." Alikuwa ananong'ona tu. "Dada, niambie ukweli. Siku ile sikuwepo, ulimkaribisha nani?"

Gakenia akalia. "Sikumkaribisha mtu! Niligeuka tu, nikasema karibu kwa mazoea."

"Basi amekaribia. Na hamjamuaga." Akashika ukingo wa sinki. "Kwetu mgeni haondoki tu hivi hivi, anasindikizwa. Huyu kila siku anaambiwa asibanduke. Aende vipi?"

"Nikiaga hewani, Wandera atanifuta."

"Mimi nina mtoto, Gakenia."

Wakarudi mezani. Taa zikawaka, Wechuli akaanza kusoma habari ya bei ya samaki, na sauti ile nzito ikapanda huku midomo yake ikiwa imefungwa kabisa, maji yakimtiririka kidevuni, na Winny akipiga kelele sikioni kwamba kuna nini, kuna nini huko, na harufu ikajaa mpaka Gakenia akahisi matope kooni mwake, akaiona kazi yake yote ya miaka ikisimama mbele ya kamera ile, akageuka, si kwa Wechuli bali kwa kile kilichokaa ndani ya kiti pamoja naye, akasema mbele ya nchi nzima: "Mwenzangu, asante kwa kuja. Habari zimekwisha. Nakusindikiza. Kwaheri."

Ile sauti nzito ikakatika.

Halafu zikasikika nyayo za maji, moja moja, zikielekea mlangoni. Mlango ukafunguka. Wechuli akavuta pumzi, akakohoa, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Gakenia! Ameenda!" Gakenia akaufunika uso kwa viganja na kucheka huku analia.

Winny, maskini, hakuwa na nia mbaya. Aliona kimya kimezidi hewani, na kimya hewani ndiyo dhambi ya kituo, akabonyeza kitufe cha matangazo ya biashara. Spika zote zikatoa sauti ya Gakenia, tamu vilevile:

"Usibanduke, bado tuko pamoja."

Mlango, uliokuwa ukijifunga, ukasimama. Nyayo zikaanza kurudi, bila haraka. Zikakipita kiti cha Wechuli, zikafika nyuma ya Gakenia, zikatulia. Akafungua kinywa amwite Winny. Sauti haikutoka. Yalitoka maji.